Kikuponyacho

Chokaa haina adabu.
Iliniruka Tandika, saa nne asubuhi, nikiwa juu ya ngazi,
ikaingia jicho la kushoto kama mgeni mwenye ufunguo.
Nikanawa kwa maji ya dumu.
Kidogo tu. Yalikuwa ya kununua.

Miezi kumi na minne jicho likawa kioo cha dirisha la choo:
mwanga unapita, mtu haonekani.

Wakaja wenye dawa.
Dada mmoja wa Sinza, koti jeusi, projekta ukutani,
akaniuzia vidonge. “Seli shina, mjomba, za tufaha la Ulaya,
zinatibu macho, magoti, mpaka ndoa.”
Boksi laki moja na themanini.
Niliuza ngazi.
Nikameza siku sitini, nikaikojoa hela yangu.

Dokta Kilemile hakucheka.
Aliuliza kwanza ngazi niliiuza bei gani.
Kisha akanishikisha kioo: “Litazame jicho zima.
Pale weusi unapokutana na weupe pana ukingo.
Ukingoni zinakaa seli shina. Si za tufaha, si za kitoto,
zako mwenyewe, za miaka hamsini na miwili.
Nyingi zimetulia tu. Zinangoja kuitwa.”

Nikamwelewa kabla hajamaliza.
Na mimi nimekaa ukingoni, barabarani Buguruni,
brashi mkononi tangu adhana ya alfajiri,
nikingoja gari lisimame, mtu anyooshe kidole:
wewe, panda.

“Mtachukua kiasi gani?”
“Kama nusu punje ya mchele.”
“Na jicho zima likiharibika?”
Akavua miwani. “Hatari ipo. Ndogo, lakini ipo.”
Nyumbani, Mwanahamisi alisonga ugali bila kusema,
mpaka alipopakua: “Kikulacho ki nguoni mwako, tumezoea.
Kikuponyacho je? Umewahi kukung’uta hiyo nguo?”

Siku yenyewe niliisikia kazi, sikuiona.
Alianza kwa kukwangua.
Nikasema moyoni, huyu fundi;
usipokwangua cha zamani, kipya hubanduka na masika.
Kisha akatandaza utando,
mwembamba, alisema, kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu.
“Umetoka wapi huo?”
“Kwenye zalio. Mama mmoja alijifungua kwa upasuaji, akaridhia.”

Zalio langu limezikwa Maneromango, nyuma ya jiko la bibi.
La mtoto huyu, nisiyemjua jina wala mtaa,
kipande chake kinazikwa jichoni mwangu.
Akikua akaulizwa kwao wapi,
sehemu ya jibu ni mimi.
“Usilie, mzee,” dokta akanong’ona, “gundi haijashika.”

Vipande tisa akavipanda juu ya utando, kimoja kimoja,
duara, katikati akapaacha wazi.
“Zitasogea zenyewe mpaka zikutane.
Kazi yako wewe ni kutosugua.”
Kutosugua! Sijawahi kupewa kibarua kigumu hivyo.
Usiku Mwanahamisi alinifunga mikono kwa kanga
tukalala kama askari na mwizi.

Wiki ya pili, ukungu.
Wiki ya nne, ukungu wenye vidole:
vyangu, nikavihesabu vinne, nikaogopa,
kumbe kidole gumba nilikuwa nimekikunja.

Si kama zamani. Taa za usiku bado zina ndevu,
na herufi za mstari wa chini kule kliniki
zinanikimbia kama wadeni.

Ila jana nilipita Tandika.
Nikafumba la kulia makusudi, nikautazama ule ukuta.
Kijana aliyeumalizia kaacha mawimbi,
na pale chini ya dirisha brashi imeruka kiganja kizima.
Nilisimama juani nikauona uvivu wote ule,
mfereji kwa mfereji, kwa jicho la kushoto,
hadi mwenye nyumba akatoka kuniuliza nimepoteza nini.

Nikamwambia: mzee, una ngazi ya kuazima?